Mtoto hasemi: mama aulizwe kwa lugha gani?

Mtoto wa yaya wangu alifikisha miaka miwili na nusu bila kumwita hata mmoja wetu. Nyumbani kwetu Lubumbashi tunasema Kiswahili cha hapa. Nkambo, mama ya mama yetu, huchanganya na Kiluba chake kila anapofurahi au kukasirika. Kifaransa huingia jioni, pamoja na televisheni na madaftari ya wanafunzi. Mtoto alikuwa katikati ya lugha hizo tatu, mzima wa mwili, anakula, anakimbia, anapanda juu ya meza, lakini hasemi.

Kila mtu alikuwa na neno lake. Nkambo alisema kwamba baba ya mtoto naye alichelewa kusema. Jirani alisema apelekwe kwenye chumba cha maombi, kwa sababu mtoto asiyekutazama machoni ana kitu anachoficha. Mjomba alisema ni bubu, basi. Yaya akachukua usafiri, akampeleka kwenye kituo cha afya. Huko aliulizwa maswali machache kwa Kifaransa, naye akajibu kwa kifupi, ndiyo na hapana, kama mwanafunzi anayeogopa kukosea mbele ya mwalimu. Mwishoni akaambiwa hivi: «Mama, nyumbani mwenu munasema lugha nyingi sana. Mtoto amechanganyikiwa. Mubakie na Kifaransa tu, mutaona atasema.»

Tulitii. Ninaandika «tulitii» kwa sababu nami nilikuwemo. Nilikuwa mwaka wa pili katika kitivo hiki, nimekwisha kufaulu mtihani wa utangulizi wa isimu. Yaya aliponiuliza, «Wewe unayesomea lugha, ile maneno ni ya kweli?», nilimjibu kwamba inawezekana. Sikuwa nimesoma mahali popote kwamba ni kweli. Nilijibu hivyo kwa sababu aliyetangulia kusema alikuwa amevaa vazi jeupe, nami sikutaka kuonekana kwamba sijui. Kwa muda wa mwaka mmoja nkambo alikatazwa kusema na mtoto kwa lugha zake. Kifaransa hakijui, basi akanyamaza. Mtoto, ambaye kila asubuhi alikuwa akikaa naye kwenye mkeka na kupiga makofi katika sehemu ileile ya wimbo wake, alibaki na televisheni.

Baadaye, mahali pengine, mtu mwingine alimwuliza yaya kwa Kiswahili: «Mama, akitaka kitu anafanyaka nini?» Yaya alisema karibu saa nzima. Siku hiyo ndipo tuliposikia kwa mara ya kwanza neno otisme likitajwa juu ya mtoto wetu, pamoja na maelezo yanayoeleweka.

Mambo haya ya nyumbani si siri tena, na siyaandiki ili kumshitaki mtu wa vazi jeupe. Ninayaandika kwa sababu yamenifundisha jambo moja ambalo kitivo chetu kinapaswa kulisikia: kumtambua mapema mtoto mwenye otisme ni kazi inayopita ndani ya lugha, na kwanza kabisa ndani ya lugha ya mama yake. Mama akiulizwa vibaya, mtoto haonekani. Kazi hiyo ya kuuliza vizuri inahitaji watu wa lugha, na watu wa lugha ni sisi.

Tuelewane kwanza juu ya jina. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanasema usonji. Huku kwetu wengi hawalijui neno hilo, na wale waliofika kwa mganga wa watoto wamesikia otisme kutoka Kifaransa. Nitayatumia yote mawili. Neno la Ulaya lilitungwa na daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, karibu na mwaka 1911, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya «mwenyewe». Bleuler hakuwa akisema juu ya watoto, alikuwa akieleza hali ya wagonjwa wazima waliojifungia ndani ya mawazo yao. Ni Leo Kanner, aliyekuwa akifanya kazi Baltimore, Marekani, aliyelichukua neno hilo mwaka 1943 na kulitumia juu ya watoto 11 aliowachunguza, wavulana 8 na wasichana 3.

Kuna jambo katika historia ya Kanner ambalo kila mwanafunzi wa lugha angelipenda. Mtoto wa kwanza kati ya wale 11 alikuwa Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest katika jimbo la Mississippi. Wazazi wake walikuwa wameshauriwa kumweka mbali na nyumba, katika taasisi, naye akawekwa huko akiwa na miaka mitatu tu. Baadaye walikwenda kumrudisha. Kabla ya kumpeleka kwa Kanner mwaka 1938, baba yake, aliyekuwa mwanasheria, aliandika barua ya kurasa 33. Aliandika jinsi mtoto anavyokula, anavyozungusha vitu, anavyorudia maneno, anavyokasirika mpangilio wa vitu ukibadilishwa. Sehemu kubwa ya yale ambayo dunia imejifunza juu ya otisme ilianzia katika barua ile: mzazi akieleza kwa lugha yake mwenyewe, bila kukatizwa, mtu mwingine akisoma kwa makini. Donald alikua, akafanya kazi katika benki ya mji wake, akaendesha gari, akasafiri nchi nyingi, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89.

Mama wa Katuba au Kampemba hataandika kurasa 33. Lakini anazo kichwani. Swali ni nani atazitoa, na kwa maneno gani.

Hebu tuone sasa kitu chenyewe kinachotafutwa. Otisme si ugonjwa wa kuambukiza, si laana, si matokeo ya mama kukosa upendo. Ni namna ambayo ubongo wa mtoto unakua tangu mwanzo, na sehemu kubwa ya sababu zake ni ya kuzaliwa nayo. Kwa miaka mingi waganga wakubwa wa Ulaya na Marekani waliwatupia akina mama lawama. Bruno Bettelheim aliandika kitabu kizima mwaka 1967 katika mwelekeo huo, na akina mama wengi walilia bure. Mwaka 1998 Mwingereza mmoja, Andrew Wakefield, alitangaza kwamba chanjo ya surua inahusika. Makala yake, iliyosimama juu ya watoto 12 tu, ilifutwa na jarida lililoichapisha mwaka 2010, na uchunguzi wa watoto wengi sana katika nchi mbalimbali haukuona uhusiano wowote. Nakumbusha hilo kwa sababu surua inaua watoto hapa kwetu. Anayemficha mtoto wake siku ya chanjo kwa kuogopa otisme anakimbia kivuli na kuingia motoni.

Dalili zenyewe ni za makundi mawili. Kundi la kwanza ni la mawasiliano na watu: mtoto haitiki akiitwa jina lake, hatazami kile unachomwonyesha, haonyeshi kwa kidole kitu kilichomfurahisha, hapungi mkono wa kwaheri, hatafuti macho yako wakati wa kucheza. Kundi la pili ni la mambo yanayorudiwarudiwa na yanayomshika sana: kupanga vifuniko vya chupa katika mstari saa nzima, kuzungusha gurudumu bila kuchoka, kutikisa mikono, kulia sana njia ya kwenda sokoni ikibadilishwa, kuziba masikio kwa sauti ya kinu, kukataa vyakula vyote isipokuwa viwili. Mtoto mmoja hana dalili zote, na dalili moja pekee si otisme. Ni jumla yake, kudumu kwake, na jinsi zinavyomzuia mtoto kuishi na wenzake, ndiyo vinavyotazamwa.

Kuna alama za umri ambazo kila mzazi anaweza kuzishika. Mtoto wa miezi 12 asiyetumia ishara yoyote, wa miezi 16 asiye na neno hata moja, wa miezi 18 asiyekuonyesha kitu ili nawe ukione, wa miaka 2 asiyeunganisha maneno mawili yake mwenyewe: hao wote wapelekwe kutazamwa. Na mtoto wa umri wowote ambaye alikuwa na maneno kisha maneno yakapotea, asingojewe hata wiki moja. Wavulana ndio wanaotambuliwa zaidi, lakini wasichana nao wamo, na mara nyingi wanapitwa kwa sababu wanasemwa kuwa ni watulivu tu.

Hakuna kipimo cha damu cha otisme, wala picha ya kichwa inayoionyesha. Kwanza yapimwe masikio, kwa sababu mtoto aliyepata homa ya uti wa mgongo, au ambaye masikio yake yalitoa usaha miezi mingi, anaweza kuwa kimya kwa kutosikia tu. Kisha kinachobaki ni mambo mawili: kumtazama mtoto akicheza, na kumsikiliza anayeishi naye. Mganga mwenye ujuzi anaweza kutambua watoto wengi wakiwa na miaka 2. Ninyi mnaosoma hapa mmeona tayari: nusu ya kipimo hicho ni mazungumzo.

Ili mazungumzo hayo yaanze mapema, wataalamu wametunga orodha za maswali. Inayojulikana sana ilitolewa Marekani mwaka 2001 na Diana Robins, Deborah Fein na Marianne Barton, nayo huitwa M-CHAT. Ile iliyosahihishwa, ya mwaka 2014, ina maswali 20 ya ndiyo na hapana kwa ajili ya watoto wa miezi 16 hadi 30. Haitoi hukumu. Inachuja tu nani atazamwe zaidi, na mama ambaye majibu yake yanatia mashaka huulizwa tena kwa urefu, akitoa mifano. Ni chombo kizuri, hakina gharama kubwa, muuguzi anaweza kukitumia siku ya kupima uzito wa watoto. Lakini jaribu kuyapeleka maswali ya namna hiyo katika Kiswahili cha Lubumbashi, uone.

Swali moja linataka kujua kama mzazi amewahi kufikiri kwamba mtoto ni kiziwi. Tafsiri ya haraka: «Mtoto wako anasikia?» Kwetu kitenzi kusikia kina kazi tatu. Kusikia sauti kwa masikio. Kusikia lugha, yaani kuielewa: «Unasikia Kifaransa?» Na kusikia wazazi, yaani kutii. Nilijaribu kwa akina mama wanne wa mtaa wetu, si uchunguzi, ni kuuliza tu. Wawili walijibu bila kusita: «Hapana, huyu hasikii hata kidogo!» kisha wakaniambia jinsi anavyopanda ukuta akikatazwa. Muuguzi angeandika «hasikii». Na mama mwingine, ambaye mtoto wake haitiki kabisa anapoitwa, angeweza kujibu «anasikia», kwa sababu akisikia karatasi ya biskuti anakuja mbio. Majibu yote mawili ni ya ukweli, na yote mawili yanapotosha.

Chukua kitenzi kuonyesha. Wataalamu wanatofautisha kuonyesha ili upewe na kuonyesha ili tutazame pamoja. Mtoto mwenye otisme anaweza kukuvuta mkono, akauweka juu ya kikombe kama vile mkono wako ni chombo, bila kukutazama. Mpwa wangu alikuwa akifanya hivyo hivyo kila siku: alimshika nkambo kwenye kifundo, akampeleka mpaka kwenye pipa la maji. Tukiulizwa, «Anawaonyesha anachotaka?», sote tungesema ndiyo, tena kwa fahari. Alichokuwa hafanyi ni kile kingine: kuona mbuzi barabarani, kunyoosha kidole, kisha kugeuka kutazama kama nawe umemwona mbuzi. Katika Kiswahili yote mawili ni «kuonyesha». Muulizaji asiyejua hilo atapita juu ya dalili yenyewe bila kuigusa.

Chukua jina. «Anaitika akiitwa jina lake?» Jina lipi? Mtoto wetu ana jina la ubatizo lililoandikwa kwenye kartasi ya kliniki, ana jina la babu yake, na kwa kuwa ana jina la babu, mama yake mwenyewe anamwita «Papa», na watoto wa kiwanja wanamwita jina la utani. Muuguzi akimwita kwa lile la kwenye kartasi, hata mtoto wa kawaida hatageuka.

Chukua macho. Kwetu mtoto anafundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Mama akiulizwa kama mtoto anamtazama machoni, anaweza kujibu kwa kumsifu: «Hapana, ana heshima.» Swali linalofaa ni lingine: unapomwogesha, unapomnyonyesha, unapocheka naye, macho yake yako wapi? Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hajajifunza bado heshima ya macho.

Chukua mchezo wa kuigiza. Orodha za ng'ambo hutoa mfano wa kunywa katika kikombe kitupu au kulisha mwanasesere. Mtoto wa hapa asiye na mwanasesere anabeba gunzi la mahindi mgongoni kwa kitambaa, anapika ugali wa mchanga katika mkebe, anaendesha gari la waya. Ukiuliza juu ya mwanasesere tu, utapata hapana nyingi za bure.

Na kwa wale wanaojua kusema, kuna dalili nyingine ambayo Kanner aliiona: mtoto anarudia maneno kama alivyoyasikia, hata «wewe» linabaki mahali pa «mimi». Katika Kifaransa au Kiingereza unasikia neno zima limegeuka. Katika Kiswahili, mtoto mwenye kiu atasema «Unataka mayi?» akimaanisha «Ninataka mayi». Tofauti yote imo katika kiambishi cha mwanzo. Anayesikiliza kwa haraka atafikiri mtoto anamkaribisha maji, atacheka, atasema mtoto huyu ana adabu kweli. Nani atawafundisha wauguzi kusikiliza kiambishi, kama si sisi tunaokesha na mofolojia?

Narudi kwenye lile shauri la kuacha lugha. Si kituo kimoja tu kinacholitoa. Nimelisikia tangu hapo kwa walimu, kwa mapadri, kwa wanafunzi wa kitivo hiki. Watu waliolipima hawakuona ukweli wake. Catherine Hambly na Eric Fombonne, huko Montréal, walilinganisha watoto wenye otisme wanaoishi na lugha moja na wale wanaoishi na mbili, wakatoa matokeo mwaka 2012: wale wa lugha mbili hawakuwa nyuma ya wenzao kwa sababu ya lugha hizo. Uchunguzi mwingine uliofuata umeelekea upande uleule. Na hata bila utafiti, tutazame nyumba zetu. Lubumbashi nzima inakua katika lugha mbili, tatu, nne. Kama wingi wa lugha ungeleta ububu, mji huu ungekuwa kimya kama makaburi.

Kinachotokea ni kinyume. Mzazi anapolazimishwa kusema na mtoto lugha asiyoimudu, anasema machache, anaacha mizaha, anaacha nyimbo, anaacha hadithi. Anabaki na amri: njoo, kaa, kula, acha. Mtoto ambaye tayari anapata shida kuwafikia watu anaondolewa wale watu waliokuwa wakimfikia. Sisi tulimwondolea nkambo.

Najua yatakayosemwa dhidi yangu. La kwanza: jina hilo litasaidia nini, wakati waganga wa akili wa watoto ni wachache sana nchini, na wengi wao wako Kinshasa? Mtu anayeishi Kasenga au Kipushi atafanya nini na jina? Nakubali ugumu huo. Lakini jina lina kazi hata pale ambapo mtaalamu yuko mbali. Linazuia fimbo, kwa sababu mtoto asiyeitika si mkaidi. Linazuia fedha za familia kwenda kwa wauza dawa za kufungua ulimi. Linaelekeza nguvu za nyumba: kukaa chini usawa wa macho ya mtoto, kusema maneno mafupi juu ya kile anachokitazama yeye, kungoja zamu yake, kumtangulizia kwa ishara kile kitakachofuata. Mambo hayo hayangoji daktari, na yanafaa zaidi yakianza mapema.

Zaidi ya hayo, kukosa jina si kubaki bila jina. Mahali ambapo otisme haijulikani, neno jingine linasubiri mlangoni, nalo ni mulozi. Mtoto asiyecheka na watu, anayelia usiku, anayesema peke yake, ndiye wa kwanza kunyoshewa kidole. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka adhabu ya kifungo. Sheria hizo ni nzuri. Lakini jirani anayeamini kwamba ameona uchawi haachi kwa kusomewa kifungu, anaacha akipewa maelezo mengine ya kile alichokiona, kwa lugha anayoielewa.

La pili litakalosemwa: tukitangaza dalili mitaani, kila mtoto mtulivu ataitwa otisti, na tutakuwa tumebadilisha tusi moja kwa jingine. Hofu hii ni ya haki. Ndiyo maana nasema orodha si hukumu, na mwanafunzi wa lugha si mganga. Kazi yetu isiwe kupita nyumba kwa nyumba tukitoa majina. Kazi yetu ni kutengeneza maswali ili wale wenye mamlaka ya kutoa jina wapate majibu ya kweli.

La tatu: hayo si ya kitivo cha lugha, ni ya kitivo cha tiba. Basi niulize: ni nani aliyeniuliza mimi kama lugha nyingi zinamchanganya mtoto? Hakumwuliza mwanafunzi wa tiba. Aliniuliza mimi, kwa sababu nasomea lugha, nami nikajibu kijinga. Watu wanatuuliza tayari. Kilichobaki ni kuwa na jibu.

Ninapendekeza mambo matatu, madogo, yasiyongoja msaada wa ng'ambo.

Mosi, kazi zetu za mwisho wa masomo. Kila mwaka tunaandika juu ya methali, juu ya majina ya watu, juu ya matangazo ya biashara. Ni mada nzuri. Lakini nani kati yetu ameandika mtoto wa Lubumbashi wa miaka 2 husema maneno gani, huanza na viambishi vipi, hukosea wapi? Bila kujua mwendo wa kawaida, hatuwezi kujua nani amechelewa. Na tuhesabu maneno ya lugha zote kwa pamoja: mtoto mwenye «mayi», «merci» na neno moja la Kiluba ana maneno matatu, si neno moja moja katika lugha tatu.

Pili, orodha ya maswali katika Kiswahili kinachosemwa hapa. M-CHAT ina wenyewe, na kuitafsiri kunataka ruhusa yao. Iombwe. Tafsiri ya Dar es Salaam au Nairobi ni msaada, lakini haiwezi kuchukuliwa kama ilivyo, kwa sababu mama wa hapa atakwama kwenye maneno ambayo Mtanzania hayaoni. Tafsiri ifanywe na wawili, irudishwe katika Kifaransa na wa tatu ambaye hajaona ya kwanza, kisha isomwe mbele ya akina mama wenyewe, na kila mmoja aulizwe: umeelewa nini? Pale waganga wetu watakapoweka swali, sisi tuweke maneno.

Tatu, tuache kusema kile tusichokijua. Hilo ni la kwangu kwanza. Mzazi akituuliza kama aache Kiswahili chake au Kiluba chake kwa sababu mtoto hasemi, jibu ni hapana. Aseme naye kwa lugha ambayo anajua kuimba, kutania na kufariji. Na asingoje: ampeleke mtoto akapimwe masikio, kisha atazamwe na anayejua mambo ya watoto.

Mpwa wangu sasa ana miaka mitano. Ana maneno kidogo, na siku nyingine hana hata moja. Nkambo ameruhusiwa kurudi kwenye mkeka. Kuna mambo ambayo mwaka ule wa ukimya umetunyima na sijui kama tutayapata tena, lakini mtoto bado anapiga makofi mahali palepale pa wimbo.

Kwa wenzangu wanaotafuta mada ya mwaka huu: wazazi wenye watoto wa miaka miwili hawakosekani katika kiwanja chochote cha mji huu. Chukua daftari, kaa karibu na mama mmoja anayekubali, mwulize mtoto wake anasema nini, na usimkatize.